Kifo Kwenye Foleni ya Wali

Uingereza, 5 Novemba 2023

Tata,

Ugonile. Najua utashtuka kupata barua ya mkwe wako. Mimi mwenyewe nimeshtuka kuiandika. Ila mume wangu Amon nikimuuliza habari zako kwenye simu, jibu lake ni lile lile, "Mzee yupo, mzima," basi. Na siwezi kumwambia akupe simu. Kwetu mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe wala hampi sauti yake, na sitaki kuvunja hilo eti kwa sababu nimepanda ndege. Miaka yote niliyoishi kwenye ua wako nimekufahamu kwa kikohozi na kwa sauti ya randa. Nikisikia kikohozi, najifunika kanga, nakatiza kwenye shamba la kakao mpaka nitokee kisimani. Lakini nimewaza nikaona barua haina uso wala sauti. Kama nimekosea, ichome tu, sitajua.

Jina lako pia siliandiki, ndiyo maana juu ya bahasha nimeweka "Baba yake Amon, Fundi Majeneza, Kyela". Naamini watu wa posta watakujua.

Nakuandikia kwa sababu ya kicheko. Kazi yangu hapa makumbusho, kama Amon alivyokueleza, ni kutibu karatasi kuukuu: kuondoa ukungu, kuziba palipotoboka. Sasa nimepewa sanduku la picha za kuchapa za zaidi ya miaka mia mbili, za enzi za wale wafalme wao wanne waliofuatana, wote jina Joji. Tata, watu wale walikuwa na mdomo! Waliwachora makasisi, madaktari, matajiri, na Kifo mwenyewe, wakazitundika kwenye madirisha ya maduka ili wapita njia wacheke. Iko moja: kasisi mnene yuko mimbarani anahubiri, kanisa zima limelala, hata mbwa kalala. Aliye macho ni mmoja tu, mifupa mitupu, ndiye Kifo. Kaketi benchi la mbele, mikono magotini, anasikiliza kwa makini kabisa.

Nilicheka peke yangu, kisha nikatafuta wa kumwonyesha nikamkosa. Wenzangu hapa wanaangalia wino na karatasi. Nikakuwaza wewe, uliyeandika kwenye mlango wa karakana WAZIMA HATUPIMI. Nilitamani sana uione.

Nimewakumbuka, Tata. Nimekumbuka hata harufu ya kakao inayochachuka, niliyokuwa naisema vibaya kila siku. Na bado nina karibu mwaka mzima huku.

Mkwe wako,
Tusekile


Ngonga, 28 Desemba 2023

Mkwe,

Ndaga fijo kwa barua. Sikuichoma. Ila ilichelewa, na kosa ni la heshima yako. Posta waliipeleka Katumba Songwe kwa fundi majeneza mwenzangu, ambaye naye, Mungu anapenda mchezo, mtoto wake wa kwanza anaitwa Amon. Akaifungua, akasoma habari za mifupa iliyokaa benchi la mbele, akadhani katumiwa uchawi kutoka Ulaya. Alifunga na kuomba kabla mke wake hajamshauri aulizie. Ameniletea mwenyewe kwa pikipiki, kaishika kwa ncha za vidole. Safari ijayo ongeza "Ngonga". Jina acha, heshima ni heshima.

Hiyo picha sijaiona lakini ni kama nimeiona. Nikawaza, hao watu wa Joji walikuwa na Kifo chao, na sisi tunacho chetu, tena chetu kimenenepa kwa pilau. Nikachukua kipande cha mninga kilichobaki kwenye jeneza la mtu, nikachonga msiba wa kwetu. Kuna turubai, viti vya kukodi, masufuria, na mshereheshaji kavaa miwani myeusi. Watu wamepanga foleni ya wali. Katikati ya foleni yuko Kifo, kashika sahani yake kwa adabu. Mama wa jikoni kamnyooshea mwiko anamuuliza: "Wewe ni wa upande wa marehemu au wa ukweni?" Maana unatujua. Kwetu usipokuwa na upande, huli.

Nilipaka masizi na mawese, nikalaza karatasi, nikaisugua kwa mgongo wa kijiko. Kuibandua, maneno yote yako nyuma mbele. Uzee huu wote wa kushika mbao na sikuwaza kwamba ubao ukigusana na karatasi kila kitu kinageuka. Nakutumia hivyo hivyo. Tafuta kioo usome.

Tangu mama yake Amon atutoke, kicheko hapa kimekuwa cha wapita njia tu. Juzi kimerudi ndani. Andika tena.

Baba yake Amon


Uingereza, 30 Januari 2024

Tata,

Nimesoma picha yako kwenye kioo cha bafuni, nikacheka hadi jirani akagonga ukuta. Nimeibandika juu ya kitanda. Mkubwa wangu wa kazi nilimwonyesha, akaniuliza huyo mama mwenye mwiko anasema nini. Nilipomtafsiria akasema angependa kujua na yeye ni wa upande gani. Mzee wa watu, hana hata ndugu mmoja mjini hapa.

Sasa niwe fundi kidogo, unisamehe. Mawese hayakauki, Tata. Yanatambaa kwenye karatasi, na Kifo wako tayari ana kivuli cha mafuta kama aliyekula samaki wa kukaanga. Pale mjini Kyela kuna wachapaji wa kalenda na kadi za harusi. Waombe masalia ya wino mweusi. Na maneno yachonge kwa kuyageuza, yatatoka sawa.

Nakuletea nyingine. Hii ni dhaifu, imewekwa kwenye fremu ya kioo, hairuhusiwi kutolewa, kwa hiyo nimeipiga picha kwa simu nikaisafisha dukani. Kioo kinang'aa kidogo upande mmoja, puuza. Ona: daktari na kasisi wamebanana mlangoni kwa mgonjwa, kila mmoja anataka aingie wa kwanza, matumbo yamewakwamisha. Na ndani Kifo ameshakaa kitandani, anamnywesha mgonjwa maji. Nilicheka hata wakati napiga picha, mlinzi akanitazama vibaya.

Kuna jambo linaniuma, nalisema kwa sababu uko mbali. Mtu anayenichekesha kuliko watu wote duniani sijawahi kumtazama usoni. Kwenye harusi yangu nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikaona viatu vyako tu. Vilikuwa vya kahawia, kimoja kimefungwa kamba isiyo yake.

Tusekile


Ngonga, 17 Machi 2024

Mkwe,

Picha imefika. Nimeiangalia sana. Kioo cha huko ni kizuri, kinaonyesha mengi. Nimeiweka kwenye boksi la misumari ya shaba, mahali ambapo hata Amon hafungui.

Kamba ile ilikuwa ya mama yake Amon. Yangu ilikatika asubuhi ya harusi.

Wino nimepata, na sasa nimekuwa mtu wa hatari. Unamjua Mchungaji Andrea. Mtu mwema, ila akipewa kipaza sauti kwenye msiba anasahau kwamba kuna mtu anasubiri kuzikwa. Nikamchonga. Kasimama anahubiri, kivuli cha turubai kimehama, wabeba jeneza wamelala. Marehemu kachoka kusubiri. Ameinuka, kakaa juu ya jeneza lake, anajipepea kwa kofia na kuangalia saa. Nikaibandika kwenye mlango wa karakana. Watu wamekuja kuicheka mpaka kutoka Mwaya. Jina sikuandika, lakini viatu vyeupe na tumbo vimemtaja.

Baraza la wazee wa kanisa limeniita. Nimekaa nao baraza moja miaka mingi, safari hii nikakalia kiti cha mshitakiwa. Wanataka nichome ubao na nitubu mbele ya usharika. Nisipofanya hivyo, nimetengwa, na nikifa nikiwa nimetengwa hakuna kengele, hakuna kwaya, na mchungaji hafiki kaburini. Nikawauliza, kwa kutofika huko mnaniadhibu au mnanipunguzia? Hawakucheka.

Kazi zipo. Nina oda moja ya jeneza, mteja hana haraka, ila amesisitiza apimwe yeye mwenyewe, akiwa mzima. Mlango wangu unasema vingine lakini nimemkubalia. Ni mtu aliyekonda, mbao itabaki.

Baba yake Amon


Uingereza, 14 Aprili 2024

Tata,

Tafadhali, choma ubao.

Nakuomba kwa magoti ambayo huyaoni. Nilikutumia picha zile uchangamke, sikukutumia ili ufukuzwe kanisani. Watu wa Joji walikuwa wanachora wakubwa wasiowajua, halafu wanarudi kwao. Wewe umemchora mtu anayepita mlangoni kwako kila siku. Umewatengenezea majeneza watu wa Ngonga wote, kengele imewalilia wote, halafu wewe ushushwe kimya kimya, kama mtu asiye na upande? Sitaki. Wala usiniambie kwamba maiti hasikii kengele. Mimi nitasikia kwamba haikupigwa.

Amon anasema mafuriko yameingia mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Nikimuuliza kuhusu wewe anabadilisha mazungumzo. Nadhani ana aibu kwa hiyo kesi ya baraza.

Huyo mteja wako amenichekesha. Mtu gani anasimama mwenyewe apimwe? Mwulize kama anataka na mfuko wa kuwekea simu. Ila mwambie akae kwanza, ale wali wa msimu mpya, wembamba si sababu ya kuharakisha.

Namaliza Septemba. Nahesabu siku.

Tusekile


Ngonga, 26 Mei 2024

Mkwe,

Mteja nimempa salamu zako. Amecheka, akakohoa, akacheka tena. Mfuko wa simu hataki.

Sasa sikiliza. Barua yako niliisoma mara nyingi, nikaufuata ubao nikaupeleka jikoni. Moto ulikuwa unawaka. Nikashindwa. Nilikaa pale na ubao mapajani, hasira zimeisha, imebaki huzuni tu. Ndipo Mchungaji Andrea akaingia, peke yake, bila baraza, viatu vyeupe vina tope mpaka juu. Nikajua ameleta hukumu. Akakaa kwenye kigoda. Tukaangaliana. Akaniambia, "Mzee, mahubiri yangu ni marefu, mke wangu ananiambia kila Jumapili. Hilo nimekubali. Lakini tumbo! Mimi nina tumbo la namna hiyo?"

Mkwe, usharika mzima umetikiswa kwa sababu ya tumbo.

Nikamweleza sheria ya kazi hii. Ubao ukishachongwa, huwezi kurudishia. Ningekuwa nimemchora mwembamba nisingeweza kumnenepesha hata aje askofu. Bahati yake ni mnene, na mnene anapunguzwa. Nikachukua patasi nikampunguza pale pale, yeye anaelekeza: hapa kidogo, na hapa. Alipotosheka nikamchapia nakala. Ameiweka ofisini kwake. Jumapili iliyofuata nilipewa meza ya Bwana, na mahubiri yalikwisha mapema hata wapishi wa chai wakaaibika.

Kwa hiyo kengele ipo. Pumzika.

Mguu wangu umevimba kidogo, kupanda kwenye karakana napumzika njiani. Ile suti ya harusi yenu inanitosha tena, hata inabaki. Unaniambia Septemba. Septemba ni mwezi mzuri. Nakaa upenuni jioni nikiangalia barabara, na nikiona mwanamke anayekatiza kwenye kakao moyo unaruka, kisha naona ni mtu mwingine. Nilizoea kukohoa makusudi ukiwa karibu, ujue nipo upate nafasi ya kukimbia. Sasa nakohoa na hakuna anayekimbia.

Baba yake Amon


Uingereza, 18 Juni 2024

Tata,

Mteja aliyekonda ni wewe.

Nimesoma barua zako zote tena, kwa mfuatano, na nimejiona mjinga. Jana nilimbana Amon kwenye simu, akalia. Ulimkataza asiniambie, na yeye ni mtoto wako, akatii. Anasema ni ini. Anasema hospitalini Mbeya walishawaambia tangu mwaka jana, kabla hata sijaandika ile barua ya kwanza. Na mimi nakuuliza habari za mfuko wa simu!

Nimekukasirikia, kisha nimekosa pa kuiweka hasira. Nimeomba ruhusa. Mkubwa wangu, yule asiye na upande, hakuniacha nimalize sentensi. Nasafiri mwezi ujao, tiketi za mapema zaidi hazipo.

Nisubiri. Hilo ndilo ninaloomba. Na naomba jingine, kubwa kuliko la kwanza: nikifika nisipite kwenye kakao. Nipite barabarani, mbele ya upenu, mpaka ulipokaa. Nikutazame na wewe unitazame, halafu wazee waseme wanachotaka kusema. Kama kuna ng'ombe wa kutozwa nitamlipa mimi.

Nataka kukuona, Tata. Sina neno jingine.

Tusekile


Ngonga, Julai 2024

Mkwe,

Hii siitumi posta, mtapishana nayo njiani. Namwachia Amon.

Ruhusa nimekupa. Niliwaambia wazee wawili wa ukoo, mmoja akanuna, mwingine akaniuliza tutachinja nini. Pita barabarani. Usikimbie tena.

Najitahidi kusubiri. Ila ubao ukipungua haurudishiwi. Ukinikuta, tutaonana. Ukichelewa, wataniweka sebuleni watu wapite kuniaga, na shangazi zake Amon watakwambia ufunike kichwa uangalie chini kama wake wa watoto wanavyofanya. Usiwasikilize. Sogea karibu, inua macho. Mimi kwa upande wangu nimeshajipanga, Mchungaji amenisaidia gundi.

Na jina langu uliandike, ukitaka. Nimelikosa muda mrefu kwenye bahasha zako.

Eliya


Ngonga, 27 Julai 2024

Tata Eliya,

Nimeliandika. Mkono haukunyauka.

Amon alinipokea uwanja wa ndege wa Songwe akiwa amevaa shati jeusi, barua yako ya mwisho mkononi, sikuhitaji kuambiwa. Ulikuwa umeondoka juzi yake. Nilipita barabarani, kama tulivyokubaliana, mbele ya upenu. Kiti chako kilikuwa kimeelekezwa njiani. Nikasimama mbele yake kidogo.

Kengele imepigwa, nimeisikia. Kwaya imeimba. Foleni ya wali ilikuwa ndefu mpaka kwenye migomba, na kila niliyemwangalia kwenye foleni ile nilimwangalia mara mbili. Mchungaji Andrea amehubiri kifupi kuliko siku zote za maisha yake, huku akilitupia jeneza jicho, nadhani alihofia usije ukakaa.

Wakati wa kuaga, shangazi Prisca alinivuta kanga usoni akaninong'oneza, "Inama, pita." Nikainama. Nikaona mbao, mninga, kazi yako, laini ya kutamani kuipapasa. Kisha nikakumbuka ulichoniandikia, nikainua macho. Jambo la kwanza nililoliona halikuwa wewe. Lilikuwa mfuniko uliofunguliwa, na kwa ndani yake, mahali ambapo macho yako yangeelekea, picha ya kuchapa imebandikwa.

Ni mimi. Ni mimi kwenye kile kioo, Tata, na simu mkononi, na nywele nilizonyoa huko, na mdomo wazi nikicheka. Sikujua kwamba kioo kilinichukua. Miezi yote hiyo ulikuwa umeniona, ukaificha kwenye boksi la misumari, hukusema, na hukuichoma. Na pembeni yangu yuko Kifo na sahani yake, na mama mwenye mwiko ananinyooshea kidole anauliza: "Na huyu ni wa upande wa marehemu au wa ukweni?" Na chini, kwa herufi zilizotoka sawasawa kabisa, Kifo anamjibu: "Wa kwetu."

Nikacheka. Kwa sauti, sebuleni kwako, mbele ya wazee. Shangazi walidhani nimezidiwa na kilio, wakanishika mabega, na wala hawakukosea sana. Wakaniacha nisimame pale muda mrefu kuliko wengine wote.

Ndipo nikakutazama. Una masikio makubwa. Una kovu juu ya nyusi ya kushoto ambalo hakuna aliyewahi kunitajia. Pua ni ile ile ninayolala nayo kila siku. Na walikuvalisha viatu vya kahawia, kimoja kina kamba isiyo yake.

Wamefunga mfuniko. Mimi niko ndani nacheka, wewe unaniangalia.

Wa kwenu,
Tusekile